Mpini wa Tezo

Fundi Sabiti wa Ngokolo alifika Tinde jua likizama, sanduku la vifaa begani na pua juu. Alikuja kuikagua nyumba ya Bi Mwahija, ili kesho yake aanze kuikarabati. Ilikuwa nyumba ya zamani, ya miti na udongo, yenye boriti nzito na milango ya mninga. Aliijenga seremala mmoja Msukuma aitwaye Jilala, ambaye sasa alikuwa marehemu. Sabiti aliitazama tangu barabarani akasonya.

Mjueni kwanza mtu mwenyewe. Alijifunza kazi Tabora kwa Mhindi, na tangu siku hiyo hakuna fundi mwingine aliyekuwa fundi machoni pake. Wa Shinyanga, kwake, walikuwa wachonga michi. Wa Geita walikuwa wagonga majeneza ya wachimba dhahabu. Vifaa vyake alivipenda kuliko watu. Patasi alizilaza ndani ya kitambaa cha mafuta, moja moja, na mkewe Zuleha hakuruhusiwa hata kuzifuta vumbi. Dharau ya Sabiti ilikuwa imemwenea hadi kucha.

"Shikamoo, Bibi," alisema, kwa kuwa aliihitaji kazi hiyo.

"Marahaba, fundi." Bi Mwahija alikuwa mjane wa mfanyabiashara, mzee mkavu, ameketi barazani peke yake. "Mwimo, ule mti wa pembeni mwa mlango wa chumba cha nyuma, umepinda. Anza na huo."

Sabiti akafungua sanduku kwa madaha, akachagua patasi aliyoipenda kuliko zote, akaigonga kwa nyundo kwenye mwimo wa mlango wa mbele, kuupima mti.

Makali yakajikunja.

Akachukua nyingine. Nayo ikajikunja. Bi Mwahija akacheka puani. "Mninga huu hauvijui vyuma vya dukani. Kuna vifaa vya yule aliyeijenga, vilibaki hapa. Chagua upendacho."

Akamburutia gunia. Sabiti akavichambua kimoja kimoja kwa ncha za vidole, kana kwamba vimetoka jalalani. Keekee: "Hii inatoboa mbao au inazitekenya?" Randa: "Labda ya kukwangulia magome." Msumeno akautupa bila hata kuutolea maneno.

Kisha akashika tezo, kishoka cha kuchongea.

Akayapitishia makali kidole gumba.

Chuma kilikuwa kimenolewa vizuri kupita chochote alichowahi kukishika. Mpini ulikuwa mweusi kwa jasho la miaka, umelika mahali pa dole gumba. Umelika kwa mtu wa mkono wa kushoto. Sabiti alikuwa wa kulia… lakini aliuinua kwa kushoto, na hakujua ni kwa nini.

"Mwadila, baba."

Mwanamke alikuwa amesimama uani, shuka begani. Alikuwa Mbuke, mjane wa Jilala. Sabiti hakuitika. Kwake, salamu ya Kisukuma haikuwa salamu.

"Hiyo tezo, baba, naiomba," Mbuke alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu seremala akifa, mpini unang'olewa, unazikwa naye. Chuma ndicho kinabaki kwa walio hai. Huu haukung'olewa. Nimemwomba Bibi tangu msibani, ananinyima. Mume wangu hajapumzika."

"Hajapumzika na nini?"

"Na kazi." Alitazama chini. "Usiutumie. Atakayefanya nao kazi ndiye atakayebaki nayo. Ng'oa, unipe mpini tu. Chuma chukua."

Ingemgharimu nini? Pigo moja la nyundo. Lakini Sabiti alimtazama yule mama kuanzia miguu yenye vumbi hadi kichwani, akacheka kile kicheko chake cha kumfukuzia mtu.

"Nenda kalishe ng'ombe," alimwambia. "Hapa kuna mafundi."

Bi Mwahija akamkabidhi kibatari. Sabiti akaingia ndani kuujaribu mwimo wa chumba cha nyuma.

Korido ilikuwa na giza. Nyumba ile ilikuwa haijaguswa na fundi miaka mingi, lakini ilinukia mbao mbichi, zilizochongwa sasa hivi. Mchwa wanaokula kila kitu Tinde hawakuwa wameonja hata boriti moja. Akaliona hilo, akajiambia ni bahati.

Tak…

Tak… tak…

Sauti ilitoka chumba cha nyuma.

"Nani humo?"

Ikaendelea. Alisukuma mlango kwa kiwiko, akaingia. Mtu alikuwa amempa mgongo, kifua wazi, mbavu zinahesabika. Mkono wake wa kushoto ulipanda na kushuka juu ya gogo. Vipande vya mbao viliruka, vikaangukia miguu ya Sabiti.

Mkononi hapakuwa na kitu.

Vidole vilikuwa vimejikunja, vimeshika mpini usiokuwepo.

Sabiti akageuka akimbie. Mkono wake, ule wa kushoto, ukajiinua wenyewe, ukaishusha tezo kwenye mwimo. Pigo moja. Safi. Mninga ukakatika kama muhogo.

Yule mtu akaacha. Akageuka polepole, akafungua vidole vyake, kimoja baada ya kingine, huku akivitazama.

"Asante, fundi," alinong'ona. "Nilikuwa nimechoka."

Akampita, baridi ikamgusa begani, akatoka zake. Sabiti akajaribu kuitupa tezo. Vidole havikufunguka. Akapiga kelele, hakuna kilichotoka kinywani ila pumzi. Nyuma yake mlango ulivutwa taratibu, komeo likaingia.

Tak… tak…

Hajui alikaa mle muda gani. Usingizi haukuja, njaa haikuja. Boriti za kuchonga zilikuja, na madirisha, na dari. Halafu siku moja jioni akamsikia Zuleha barazani, sauti yake kabisa, anamuulizia mumewe.

"Alifika, akaondoka," Bi Mwahija alisema. "Alikwenda Geita kwenye dhahabu, kama wenzake."

"Na huko ndani anachonga nani?"

"Fundi. Nyumba ya zamani haikosi fundi."

Sabiti akapiga kwa nguvu zake zote. Kilichosikika ni kazi nzuri tu.

Ndipo, chini ya dirisha, akaisikia sauti ya Mbuke ikimzuia Zuleha. "Mwadila, mama. Usiondoke. Mumeo yumo humu. Waambie wazee wa msikitini wasimame nawe, muudai mpini wa tezo, ung'olewe. Wangu ameshapumzika. Sasa ni zamu ya wako."

Sabiti akabana pumzi, kama bado alikuwa nayo.

Zuleha akacheka. Kilikuwa kicheko cha Sabiti mwenyewe, alichokizoea mkewe mezani kwake miaka yote ya ndoa.

"Nenda kalishe ng'ombe, mama," alisema, na kanga yake ikapita ikichakarika kuelekea barabarani.