Skrubu Mfukoni mwa Mwokaji

Haya, sogea karibu nikutegee. Nina shingo lakini sina kichwa. Nalia tone tone mchana kutwa, na anayeninyamazisha hanibembelezi, ananikaza shingo hiyo hiyo. Mimi ni nani?

Umeshindwa? Basi mji wako nauchukua. Ni bomba linalovuja, mjukuu wangu. Na bomba la namna hiyo ndilo lililomtoa mshonaji wa mapazia nyumbani kwao Jumamosi moja, akaenda duka la vifaa vya ujenzi wakati watu wamebanana mbele ya kaunta, kila mmoja anataka asikilizwe yeye kwanza.

Alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe, lenye mifuko mirefu. Mkononi ameshika kipira kilichochakaa cha ndani ya bomba, atafute kingine cha saizi ile ile. Mbele yake alisimama kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, ila nyusi zimejaa unga. Alikuwa mwokaji wa mikate, ametoka zamu, ananukia mkate wa moto mpaka watu wanameza mate.

"Nipe misumari," mwokaji alimwambia muuzaji. "Bawaba ya kabati imeng'oka."

Mshonaji hakuweza kunyamaza. "Msumari kwenye bawaba? Kaka, huo mlango umekukosea nini?"

Kijana akageuka. "Dada, mlango ndio unanionea mimi. Nikiufungua unanidondokea mguuni."

"Chukua skrubu. Tundu likiwa limepanuka, jaza njiti za kiberiti na gundi, ziache zikauke, ndipo ukaze."

"Njiti za kiberiti! Unataka nyumba yangu iungue?"

"Si unakata vichwa kwanza, jamani!"

Duka zima likaangua kicheko. Mwokaji naye akacheka, unga ukamdondokea shavuni. "Basi nipe namba yako. Nikikwama nikuulize."

"Utakwamaje kwenye njiti?"

"Mimi hukwama popote, dada. Nipe tu."

Akapewa. Na kweli alikwama, maana jioni ile alipiga simu kusema amejigandisha vidole kwa gundi. Mshonaji alicheka mpaka mama yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.

Sasa nikueleze jambo moja kuhusu binti huyu. Alikulia kati ya kaka watupu. Kila aliposhika nyundo walimnyang'anya: weka chini, utajiumiza, hiyo si kazi yako. Walipooa wakahama, nyumba ikabaki na yeye na mama yake, na bomba la jikoni likaanza kulia. Akalifungua mwenyewe, akatazama kila kipande kinakaaje, akakirudisha. Lilipokauka alikaa sakafuni akashukuru kwa sauti, peke yake. Toka siku ile hakumwita mtu. Ila hakuna aliyewahi kumwambia hongera.

Mwokaji alimwambia. Binti alipokwenda kwake kumkazia ile bawaba, kijana aliufungua mlango na kuufunga, akaufungua tena, akatikisa kichwa. "Mikono hii Mungu aitunze," alisema. "Kuanzia leo jina lako ni Bisibisi."

Mapenzi yakaanza hivyo. Leo kitasa kinakwama, kesho waya wa kuanikia nguo umekatika, keshokutwa bawaba tena.

"Bisibisi wangu, mlango umelegea."

"Tena? Nyumba yako ina pepo?"

"Ina upweke, mpenzi. Njoo, nimekutolea mkate wa maziwa."

Naye alikwenda, kila mara amevaa gauni zuri kuliko la jana, ingawa alijua atapiga magoti sakafuni. Akirudi kwao alimsimulia mama yake si habari za mkate, bali alivyosifiwa.

Ikafika alasiri ambayo mwokaji alivaa shati jipya la rangi ya maziwa. Mshonaji alikuwa ameinama kwenye kabati, anakaza bawaba ile ile, skrubu mbili hazionekani. Mwokaji akapiga goti kando yake.

"Bisibisi, utakubali nikuoe?"

Moyo ulimruka binti wa watu. Alipofungua kinywa, mwokaji akainama zaidi amshike mkono, na mfukoni mwa shati jipya zikadondoka skrubu mbili. Kling, kling, mpaka miguuni pa binti.

Mshonaji akaziokota.

"Ulizifungua wewe," mshonaji alisema.

"Nilitaka uje."

"Na kitasa?"

"Kitasa nacho."

"Kumbe nilikuwa mchezo wako! Nakaza, unalegeza, halafu unanipigia makofi kama mtoto anayejifunza kutembea!"

"Laazizi, sivyo..."

"Kaka zangu walininyang'anya nyundo. Wewe umeniachia nyundo ukanicheka. Afadhali wao."

Akaondoka, swali halijajibiwa. Simu ikalia, hakupokea. Wiki zikapita, anashona mapazia ya watu huku ametoa macho dirishani. Kilichomuuma si skrubu. Aliumia kwa kuwa hakujua tena kama zile sifa zilikuwa za kweli.

Asubuhi moja simu ikalia, ikakatika, ikalia tena bila kukoma. Mama yake akasema, "Pokea au uitupe, ninywe chai yangu kwa amani."

Akapokea. "Leo umefungua nini?"

"Sijafungua! Bomba la chini ya sinki limechomoka, maji yamefika sebuleni!"

Mshonaji alitega sikio. Kweli, maji yalikuwa yanaunguruma.

"Funga koki kuu."

"Iko wapi?"

"Nyumba yako mwenyewe! Nje, karibu na mita, yenye mkono mwekundu. Zungusha kulia. Kulia kwako wewe, si kwa mita!"

Mngurumo ukakoma. Mwokaji alisikika akihema.

"Mbona hukumwita fundi?"

"Si ndiye ninayeongea naye? Sikumfikiria mwingine, nakuapia. Njoo, nakuomba."

 Sauti ile haikuwa na utani hata chembe.

"Siji. Utafanya mwenyewe, nitakuelekeza. Washa spika, uweke simu juu ya sinki."

Akamwelekeza: afungue nati, asafishe kwa kitambaa nyuzi za bomba, pale nati inapojisokota, azungushe tepu nyeupe ya mabomba, akaze kwa mkono kwanza, ndipo spana, kidogo tu. Mwokaji alikosea, akarudia, akajigonga kichwa kwenye sinki, akalalamika, akaambiwa anyamaze. Mwishowe akafungua koki. Halikudondoka hata tone.

Simu ikaleta sauti ya mtu anayejitupa majini, chubwi.

"Uko hai?" mshonaji akauliza.

"Niko. Nimekaa kwenye maji, nalitazama bomba." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nisamehe. Kila nilipolegeza skrubu nilikuwa nabomoa kazi yako, wala sikujua kazi yenyewe ina utamu na uzito gani. Sifa zangu zilikuwa za kweli, ila nilizichafua mwenyewe. Asante, mpenzi. Kwa leo, na kwa kila ulichokaza humu."

"Haya."

"Kuna kingine. Wiki hizi nilizunguka nyumba nzima; zaidi ya bomba hili, hakuna kibovu. Sina kisingizio cha kukuita. Ninakuita hivyo hivyo."

Mama mtu, aliyekuwa anajifanya anakunywa chai, akasukuma kikombe mbali. "Nenda mwanangu. Na usivae hilo gauni la kazini."

Alivaa la kijani kibichi, akaenda mikono mitupu. Alikuta sebule imedekiwa, mazulia yameanikwa uani, na mwokaji amekunja suruali mpaka magotini, nywele zimelowa. Hakumsalimu. Alipita moja kwa moja jikoni, akachuchumaa chini ya sinki na gauni lake zuri, akapitisha kidole kwenye maungio. Kidole kikatoka kikavu.

"Vipi, fundi?" mwokaji aliuliza mlangoni, anaogopa kusogea.

"Tepu umeweka nyingi mno. Lakini limekaza vizuri. Hongera."

Mwokaji akafunika uso kwa viganja, mabega yanatikisika, hujui anacheka au analia.

Mshonaji akainuka, akajifuta kidole kwenye shati la kijana.

"Nakubali," akasema. "Nioe."