Lorna Ameoza Chini

Jumapili ya kwanza ya Mei uwanja wa maonyesho wa Coventry, Uingereza, ulijaa magari ya kale, mstari kwa mstari, maboneti wazi, na wenyewe wameketi nyuma yake kwenye viti vya kukunja, kila mtu na chupa yake ya chai. Lorna Tranter hakuyajia magari. Aliujia mkate wenye nyama ya nguruwe ya kukaanga, maana foleni ya pale ilikuwa fupi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, koti la mvua la kijani limekazwa mkanda kiunoni, skafu ya manjano, na viatu vyeupe ambavyo mwenye akili hangevivaa kwenye majani yenye umande.

Mtu akamsukuma kwa nyuma. Tone la sosi likaruka, likatua juu ya boneti jekundu.

"Taratibu, dada! Ametoka kuoga sasa hivi."

Aliyesema alikuwa Gareth Orgill, fundi umeme wa miaka arobaini, mrefu, sweta limetoboka kiwiko, macho ya mtu aliyezoea kucheka peke yake.

"Nani ametoka kuoga?"

"Huyu." Akalipangusa boneti kwa mkono wa sweta. "Humber, wa mwaka sitini na nane. Mtoto wa papa hapa."

"Nilidhani Jaguar."

Waliokaa jirani wakaguna wote kwa pamoja.

"Jaguar kila mtu anaijua," akasema Mzee Cyril Bagnall, mshika daftari wa chama chao. "Huyu watu wanampita kama mlango wa stoo. Ingia ndani uone: mbao, kiti kinakukumbatia, unakwenda mpaka baharini mgongo haujui."

"Na vipuri umwombe Mungu," akadakia Beryl, mama mnene mwenye Humber ya bluu. "Mume wangu aliniambia nichague. Nikachagua. Sasa yuko kwa dada yake."

Lorna akacheka, na kwa utani akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole. Ukalia ti. Akainama, akagonga ule ukingo wa bati chini ya mlango, unaobeba uzito wote wa ubavu. Haukulia. Ulisema du, kama unga uliokandwa.

Cyril akatazama pembeni.

"Kashiba," akasema Gareth haraka. Wazee wakacheka, lakini walichelewa kidogo.

Mapenzi yao hayakukawia. Kufikia mwisho wa mwezi simu ya Lorna ililia kila mchana saa ya chakula.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Biskuti."

"Biskuti si chakula. Nikuletee supu?"

"Wewe uko wapi kwani, mbona sauti inatoka kisimani?"

"Chini ya gari."

"Mwongo wewe! Uliniambia uko kazini. Kumbe nina mke mwenza!"

Wale watu wa chama wana sheria moja: mtu haingii chini ya gari pasipo mwenzake kukaa kando. Basi Lorna, kila Jumamosi, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa katika banda la nyuma ya nyumba ya Gareth, akimpa spana. Na kila mara gari lilipoinuliwa juu ya stendi za chuma, alisikia kitu ndani ya ule ukingo, polepole, kama panya anatafuna karatasi.

"Ni nini hicho?"

"Uzee tu, mpenzi. Nipe namba kumi na tatu."

Tena wana desturi nyingine. Kila gari huandikwa daftarini kwa jina la mwanamke, na mwenye gari akipenda, huliita jina la mpenzi wake. Jina hutangazwa siku ya mkutano wa kiangazi, na mpaka siku hiyo mwenye jina haambiwi. Gareth alikwenda kwa Cyril kimyakimya. Humber ile ikaandikwa Lorna.

Katikati ya Juni Gareth akautoboa ukingo kwa bisibisi. Rangi ilifunika pati, ule udongo wa kuzibia mashimo, pati ilifunika magazeti yaliyoshindiliwa, na nyuma ya magazeti hapakuwa na bati. Fundi gani alifanya hivyo, miaka gani, hakuna ajuaye. Jioni ile alimpigia Cyril simu akiwa amesimama ukumbini. Hakujua kwamba Lorna amekwisha ingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na ufunguo wake mkononi.

"Lorna ameoza chini, mzee wangu," alisema. "Nje anang'aa, ndani ni uongo mtupu. Waliomshika kabla yangu ndio waliomharibu. Nilivyompenda! Nitajaribu mara moja tu. Nikishindwa, mwingine na amchukue."

Lorna aliuweka ufunguo mezani, karibu na kikombe, bila kutoa mlio, akatoka.

Gareth alipiga simu mara kumi na moja. Akaandika: *Nimekosa nini?* Jibu likaja: *Waulize walionishika kabla yako.* Alilisoma mpaka simu ikazima. Hakuelewa neno.

Jumamosi, saa nne asubuhi, simu ya Lorna ililia. Cyril.

"Samahani, mwanangu. Umekaa naye?"

"Na nani?"

"Gareth. Alisema leo anaingia chini ya Lorna."

"Anaingia chini ya nani?"

"Gari! Kaliita jina lako, nami nimeharibu siri. Ila amenitia wasiwasi. Ule ukingo umeoza, hauwezi kukaa juu ya stendi. Nikamwuliza nani yuko naye, akakata simu."

Lorna alitoka na ndara za nyumbani. Mitaa mitatu alikimbia, mvua nyembamba usoni, Cyril bado sikioni akisema anawaita zimamoto.

Banda lilikuwa wazi. Redio inaimba. Gari limelalia ubavu wa kushoto, stendi imezama ndani ya ukingo mpaka shingoni, na magazeti ya rangi ya chai yakimwagika vipande vipande juu ya saruji. Chini yake, buti mbili.

"Gareth!"

"Usiguse mlango." Sauti ndogo, ya mtu anayebania pumzi. "Anashuka."

Ile sauti ya panya ilikuwa inaendelea. Lorna akatazama ukutani, akaona magurudumu mawili ya akiba. Akaliangusha moja, akalisukuma chini ya gari kwa miguu yote miwili, kisha la pili. Karatasi ikatoa mlio wa mwisho. Gari likashuka, likatua juu ya mpira, likatulia vidole vinne juu ya kifua cha Gareth.

Lorna akajilaza kwenye saruji, uso kwa uso naye.

"Lorna?"

"Yupi? Gari au mtu?"

"Mtu."

"Ndani ni uongo mtupu?"

Gareth akafumba macho. "Mungu wangu. Ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Ilikuwa—"

"Najua sasa. Pumua kidogokidogo. Wanakuja."

Zimamoto walimtoa na mfupa wa bega uliovunjika. Akageuza kichwa juu ya machela, macho yakapita juu ya Lorna, yakafika kwenye gari.

"Mlango umepinda?"

"Mlango haukupinda," akasema Lorna. "Nimepinda mimi."

Ndipo alipomtazama. "Tuoane, Lorna."

"Niulize siku gari hili litakapoondoka. Si kwenda kwa mtu mwingine. Kwenda kupondwa."

Beryl alipiga simu akilia. Cyril alikuja na kofia mkononi. "Kama huyu wamebaki wangapi, mwanangu? Watahesabika." Alhamisi lori la skrepa lilikuja, Gareth akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani. Lorna alisimama kando yake. Lori likashuka mtaa, likafika kwenye kona, na ile rangi nyekundu ikamalizika nyuma ya duka la samaki na chipsi.

"Utaolewa nami?"

"Ndiyo," akasema Lorna, akageuka kumbusu.

Macho ya Gareth yalikuwa bado kwenye kona.