Hesabu ya Kumrudisha Evode

Kila Jumapili, misa ikiisha, Libérata alipanda kilima kilicho nyuma ya kijiji chao, Karuba. Huko juu tu ndiko simu yake ilikoshika rezo ya mtandao. Alimbeba binti yake Naomie mgongoni, akaketi kwenye nyasi, akangoja mume wake apige.

Evode alikuwa mbali magharibi, Walikale, kwenye mashimo ya kasiterite, madini ya bati, karibu na Bisie. Aliondoka Naomie angali tumboni. "Nitarudi nikipata feza ya kutosha," alisema siku ile. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu.

Kila mwezi alituma dola ishirini na tano. Chumvi, sabuni, dawa, mchango wa harusi ya jirani, zikaisha. Libérata hakujua ni ngapi zilipita wapi.

Jumapili moja Evode alisema, "Mama Naomie, Noeli hii sitafika. Feza haiyatosha."

Simu ikakatika. Libérata aliteremka akilia, bila hata kujificha.

Njiani alikutana na jirani yake Agathe. Agathe alikuwa mjane. Aliuza fromaji, yaani jibini, katika soko la Mushaki, na ndiye aliyeongoza kundi la akiba la wanawake wa Karuba.

"Unalilia bwana ao unalilia feza?" Agathe aliuliza.

"Bwana, Mama Agathe. Lakini feza njo inamufunga kule."

"Anatafuta feza ngapi ili arudi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Libérata hivyo.

"Siyue," alikiri kwamba hajui.

"Na yeye?"

"Nazani na yeye hayue."

"Sasa mutangojana mpaka lini? Kesho kuya kwangu na kahiye ya kuandikia."

Mwezi wa kwanza Agathe hakumfundisha kitu kingine ila kuandika. Kilichoingia upande huu, kilichotoka upande ule. Mwezi ulipoisha Libérata alishangaa. Vitu vidogo vya dukani vilikuwa vimekula dola saba.

"Sasa weka tano kwa sanduku ya kundi," Agathe alisema. "Weka mbele ya kununua. Ukingoja ibakie, haitabakia."

Kwa miezi minane Libérata aliweka tano tano. Akiba ikafika arobaini. Mara nyingi alitamani kuichukua na kupanda gari mpaka Walikale, amwone Evode siku moja tu. Akiwa shambani alisimama akiitazama milima ya magharibi, jembe mkononi, mpaka Naomie amvute kitenge.

Kisha ukaja wakati wa kukopa. Kundi lilikopesha mara tatu ya akiba ya mtu.

"Nipeni yote, mia moja na makumi mbili," Libérata alisema.

"Utaifanyia nini?" Agathe aliuliza.

"Nitapanda viazi."

"Piga hesabu kwanza. Viazi vyako vinaomba ngapi?"

Walihesabu pamoja. Mbegu, dola sitini. Kukodi shamba, ishirini. Watu wa kulima, kumi na nne. Intere, yaani riba ya mkopo, sita. Jumla, mia moja.

"Akiba yako iko makumi ine," Agathe alisema. "Basi tumia hiyo, kopa makumi sita tu. Zingine utazilipia intere bure."

Baada ya miezi minne Libérata alivuna magunia kumi. Akauza. Alipotoa gharama ya magunia na ya pikipiki, mkononi zilibaki dola mia mbili na ishirini. Hakuwahi kushika pesa nyingi hivyo. Akataka kumnunulia Naomie viatu, na kujinunulia kitenge kipya.

"Ngoja," Agathe alisema. "Toa mia moja uliyoingiza. Hiyo njo kapitali, inarudisha deni na akiba yako. Inabakia ngapi?"

"Mia moja na makumi mbili."

"Hiyo njo faida. Viatu vitoke pale."

Libérata aliitazama kahiye kwa muda mrefu. Jumapili akapanda kilima mapema.

"Papa Naomie, unapata ngapi kwa mwezi?"

"Kama mia moja," Evode alijibu.

"Na unatumia ngapi?"

Evode alihesabu polepole. Chakula. Hema. Dawa ya malaria. Feza ya mwenye shimo. "Makumi saba na tano," alisema.

"Basi faida yako ya miezi ine iko mia moja. Viazi vyangu vimeleta mia na makumi mbili. Na nililipa watu walime, juu wewe hauko."

Libérata aliinua simu juu, akidhani rezo imepotea.

"Kumbe nimekaa huku bure," Evode alisema.

"Hapana bure. Ulitulisha. Lakini kuya sasa. Nimechoka kukungoja."

Evode alifika siku ya tisa, mwembamba, na kikohozi cha shimoni. Naomie alijificha nyuma ya mlango. Ilimchukua juma zima kukubali kushikwa mkono.

Msimu ule Evode alilima mwenyewe. Dola kumi na nne za watu wa kulima ziliingia kwenye sanduku la kundi. Siku ya kupanda, Libérata alisimama na kikapu cha mbegu, akautazama mgongo wa mume wake ulioinama. Alikuwa hatua kumi tu mbele yake, na bado Libérata alikuwa na hamu naye.

Evode akageuka. "Mama Naomie, unaangalia nini?"

"Naangalia kazi," alisema, akainama kupanda.