Gari la Baba Linagonga

Jumatatu, saa moja kasorobo asubuhi, gari la Baba liligonga. Halikugonga mtu wala ukuta. Liligonga lenyewe kwa lenyewe, tumboni. Ko. Ko-ko. Wajukuu wawili waliokuwa kiti cha nyuma na mikoba yao ya shule wakatazamana. Baba akalisimamisha hata halijamaliza kutoka getini, akazima, akashuka.

"Limekwisha hili," akasema. "Shukeni, wajukuu zangu. Leo mtatembea."

Kitinda alikuwa mlangoni, mswaki mdomoni. Jina lake lipo, lakini nyumba nzima ilimwita hivyo kwa sababu ndiye kitinda mimba, na naye hakuwa mtu wa kubishana. Mlio ule haukumshangaza sana, gari lenyewe ni la zamani. Kilichomshangaza ni kwamba Baba hakufungua hata boneti. Mtu aliyeendesha gari la wagonjwa mpaka akastaafu, ambaye alilisifia gari lake kuliko alivyowahi kuwasifia watoto wake, alilizika bila hata kulishika paji la uso.

Balaa lilianza siku hiyohiyo. Dada mkubwa, mama wa wale watoto, ni muuguzi wa zamu ya asubuhi. Ilibidi awapeleke shule kwa miguu, akachelewa wodini, akasemwa mbele ya wagonjwa. Jumanne ikawa vilevile. Mama akachoka kungoja, akaagiza gari lichukuliwe na fundi wa kona ya pili.

Jumatano alasiri fundi alilirudisha, Mama akiwa kando yake. Mama gari humchafua moyo, kwa hiyo akiingia tu hushusha kioo cha mlango wake mpaka mwisho, iwe jua, iwe mvua. Walikuja kimya, kimya kabisa. Mama akashuka anacheka, akakaa barazani. Baba akapandisha kioo, akasema ngoja alizungushe uani mwenyewe, watu washuhudie.

Ko. Ko-ko.

"Mnaona?" akasema Baba, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Mama akaamua kuna mkono wa mtu. Na mkono huo aliujua: ni wa ndugu yake, Mjomba, aliyeliazima gari Jumamosi, na ambaye kila siku husema mkilichoka hilo nipeni mimi. Akampigia simu palepale. Alimwambia asikanyage kwake mpaka aseme amelifanya nini gari la watu ili aje apewe kama chuma chakavu. Akakata simu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Baba akakohoa, akasema yaishe, gari ni gari tu, lipumzike. Chakula chake hakukimaliza.

Kitinda naye hakula vizuri. Mjomba ndiye aliyemfundisha kuendesha, kwenye pikapu ya kuazima, mpaka akapata leseni ambayo Baba hajawahi kuipa nafasi ya kutoka kwenye droo. Mjomba akitengwa na nyumba hii, nani atakuwa anacheka humo ndani?

Alhamisi saa kumi jioni alikwenda gereji. Fundi alikuwa chini ya lori, vinaonekana viatu tu, na hilo lilimfaa sana Kitinda. Kuhoji viatu ni rahisi kuliko kuhoji uso.

"Shikamoo, fundi. Kwenye gari la Baba uligusa nini?"

"Marahaba, binti. Chini tu. Jumanne nililijaribu peke yangu, vioo juu kwa ajili ya vumbi, likawa linagonga. Nikabadilisha bushi, nikakaza shokapu. Jumatano nimekuja na mama yako, kimya. Nikajua nimemaliza." Viatu vikajikuna. "Baba yako hata asante hakunipa. Kazi yake ilikuwa kukagua skrubu za kibao cha namba, ananiambia zimelala."

"Aliziona?"

"Alizipapasa."

Kutoka hapo akaenda kwa Mjomba, ambaye ni kinyozi. Mjomba alikuwa na mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa, na hakutaka kuzungumza. Kitinda akasimama tu pale pembeni mpaka Mjomba akashindwa.

"Mpwa wangu, mimi balbu ikiungua namwita jirani. Gari nitaliharibu na nini, wembe?" Mteja akacheka, Mjomba hakucheka. Alisema Jumamosi gari lilikuwa kimya, na saa kumi na mbili jioni alilirudisha, funguo akampa Baba mkononi. "Na nilimkuta anazungumza na koti la jirani, limeanikwa kwenye kamba. Analiuliza habari za nyumbani. Nikadhani ananitania."

Njiani Kitinda alitembea polepole. Vioo juu, linagonga. Mama akiwemo, kioo chake kiko chini, kimya. Basi mgonjwa hayuko kwenye injini wala miguuni. Yuko ndani ya mlango wa Mama.

Alimkuta Baba amejipumzisha chumbani. Akachukua bisibisi, akapiga magoti kando ya gari, na kabla hajafungua chochote akazitazama skrubu. Ubao wa ndani wa mlango umeshikwa na skrubu sita. Mikato ya vichwa vyake yote ilikuwa imesimama wima, kama askari gwarideni.

Alizifungua hata hivyo. Ndani kulikuwa na nati kubwa, imening'inizwa kwa kamba ya kiatu. Kioo kikishuka kinaibana, kikipanda, inacheza.

Alikaa chini na ile nati mkononi. Angeweza kuitupa, gari lipone, asiseme kitu. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoizoea. Lakini gari likipona, kesho watoto watarudi kiti cha nyuma, mbele yao dereva anayesalimia koti. Na Mjomba atabaki mwizi. Akairudisha nati mahali pake, akakaza skrubu zote, zimesimama vilevile.

Ijumaa jioni aliwaita wote uani. Mjomba alikuja lakini hakuvuka geti. Alisimama nje, ncha za viatu kwenye mstari wa geti, akasema yeye ameambiwa asikanyage, na yeye ni mtu wa kutii. Mama akageuza uso. Kitinda akafungua mlango wa gari. Hotuba aliyoipanga ilimkimbia yote.

"Angalieni skrubu," akasema.

Dada mkubwa hakuona kitu. Mama aliziangalia, kisha akageuka akatazama kitasa cha mlango wa nyumba, bawaba za dirisha, kibao cha geti. Kote skrubu zimesimama, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yote husema skrubu iliyolala imefungwa na mtu aliyelala. Mwisho akamtazama mumewe.

"Mzee," akasema taratibu. "Ni wewe?"

Kitinda akaitoa nati, akamwekea Baba kiganjani.

Baba aliizungusha kwa vidole muda mrefu. "Ijumaa ile iliyopita," akasema, "pale kivukoni mbele ya shule, mtoto alivuka. Mimi sikumwona. Wajukuu ndio walipiga kelele, nikakanyaga breki. Nikawaambia wasiseme. Nimewabeba watu wanakufa nyuma yangu, sijawahi kumgusa mtu barabarani. Ningesema macho yamekwisha, mngeninyang'anya funguo kama mtoto. Nikaona afadhali gari liugue badala yangu."

"Na ndugu yangu?" Mama akauliza. "Ukaniacha nimtukane?"

"Hilo nimekosa." Akaenda mpaka getini, akipapasa ukuta, na safari hii hakuficha kwamba anapapasa. "Shemeji, ingia. Nisamehe."

Mjomba akautazama ule mstari. "Nitaingia," akasema, "ila dada yangu kwanza aombe msamaha kwa simu, maana alinifukuza kwa simu." Mama alikuwa analia, lakini akaitafuta simu. Mfukoni mwa Mjomba ikaita, akaipokea kwa heshima zote, mbele ya macho ya dada yake.

Jumatatu, saa moja kasorobo, Kitinda aliketi kwenye kiti cha dereva, leseni mfukoni. Wajukuu nyuma. Baba akakaa kiti cha Mama, kama mgeni. Miadi ya daktari wa macho ilikuwa saa tatu. Walipokata kona ya kwanza ikasikika: ko.

"Umesikia?" Baba akasema. "Linagonga tena."

"Ni mguu wako, Baba. Unatafuta breki."

Nyuma wakaangua kicheko. Baba akautazama mguu wake, ukiwa umekanyaga sakafu tupu. Akaurudisha taratibu chini ya kiti.

"Basi punguza mwendo," akasema, "nisiitafute."