Hoja ya Damu

Harufu ilianzia jikoni, siku ambayo jikoni hapakuwa na kitu cha kunuka. Ilikuwa harufu ya friji iliyofungwa muda mrefu bila umeme: mpira uliolowa, kutu, na nyuma yake kitu kitamu kidogo. Fundi aliijua. Alitengeneza friji kwa riziki yake, na harufu hiyo ilirudi naye nyumbani kila jioni kwenye ovaroli. Akaivua ovaroli, akaitundika nje. Harufu ikabaki ndani.

"Ni wewe," mkewe alisema bila kugeuka. Alikuwa sebuleni kwenye cherehani, anamalizia sare za shule.

"Nimeshaoga."

"Basi oga tena. Maji hayakuli."

Wakacheka. Kisha mkewe akageuza macho nusu, kama mtu anayepumuliwa shingoni.

"Na usinisimamie nyuma hivyo, nitashona vidole."

Fundi alikuwa mlangoni, mbele yake. Nyuma ya mkewe kulikuwa na ukuta na kalenda.

Baada ya hapo mke aliacha kukaa. Mwanzoni alisema mgongo unamuuma. Akaipandisha cherehani juu ya meza, akashona amesimama, mguu mmoja kwenye pedali. Akala amesimama, sahani mkononi, kama mgeni aliyefika wakati si wake. Kila alipojaribu kuketi, magoti yaligoma kukunjika. Miguu ikavimba mpaka ndala zikamkataa.

"Huu ni umri tu," alimwambia mumewe.

"Umri gani? Mimi nimekutangulia."

"Basi wewe umekula chumvi bila kuisaga."

Alitania, lakini macho yake yalikwepa. Fundi naye aliyakwepa ya kwake. Wote wawili walijua ni nini, na kila mmoja aliomba mwenzake asilitaje.

Mama yake mke alikuwa mpishi wa shule. Alilea watoto wa watu kwa mwiko. Siku moja alisikia hodi, akajibu kama anavyojibu muungwana yeyote: karibu, kaa. Sauti ikamjibu, mimi sikai. Tangu hapo kitu hicho kilimsimamia nyuma, na yeye akasimama nacho hadi moyo ulipochoka. Kabla ya kufa alimwagiza binti yake: usimsimulie mtu. Huyo hula kutajwa. Akinyamaziwa, husahau njia.

Binti alinyamaza miaka yote. Alimwambia mtu mmoja tu, mumewe, katika mwaka wa kwanza wa ndoa, akilia, baada ya kumwapisha.

Fundi naye alikuwa na kikundi chake kwenye simu. Kiliitwa Baraza la Anga Tisa. Anga Tisa ni ulimwengu wa kubuni ulioandikwa na watu wengi, kila mwandishi na vitabu vyake, kisha zikaja filamu na michezo. Kila anga lina mtawala mwenye nguvu za kiungu: mmoja huzima jua kwa kufumba macho, mwingine hurudisha maneno yaliyokwishasemwa. Anga la tisa halikuwahi kuguswa na mwandishi yeyote. Hapo ndipo wapenzi wa hadithi hizo walipojimwaga. Nani anatawala huko? Ana uwezo gani? Akipigana na wa anga la tatu, nani ataomba maji?

Karakana ya fundi ilikuwa na wateja wachache na friji nyingi mbovu. Barazani, hata hivyo, alikuwa mtu. Walimwita Profesa. Hakuna aliyejua kwamba aliacha shule mapema, na hakuna aliyeuliza. Walichojua ni kwamba hoja zake hazina tundu.

Baraza lilikuwa na desturi moja iliyoheshimiwa kuliko zote. Ukizidiwa katika ubishi, unaandika "Nimeshindwa" na kusema kwa nini. Neno hilo likishaandikwa, jambo limethibiti, halijadiliwi tena. Wengi walikuwa wameliandika. Profesa hakuwahi.

Wiki chache kabla ya ile harufu kuingia jikoni, siku aliyoishiwa mawazo, ubishi umepamba moto na watu wanasema Profesa leo kafilisika, alichukua siri ya mkewe akaiweka mezani. Alibadilisha kidogo. Mtawala wa anga la tisa, aliandika, ni Asiyeketi. Husimama nyuma ya mtu mpaka mtu huyo asahau kukaa. Aligunduliwa na kikongwe mmoja mpumbavu aliyemkaribisha kwa kiti.

Baraza lililipuka. Vikatuni vya kucheka vikashuka kama mvua, kwa ajili ya yule kikongwe. Wakamchora. Wakamtungia nyimbo. Na kama ilivyo kawaida yao, wakaanza kumtafutia Asiyeketi udhaifu.

Fundi aliuziba kila mmoja. Chumvi je? Hoja dhaifu, chumvi huzuia kilichotoka ardhini, na nani kasema huyu katoka ardhini? Moshi? Moshi ni wa wenye pua. Kumtaja jina? Anga la tisa halijaandikwa, na asiyeandikwa hana jina. Alijibu akiwa karakanani, kichwa ndani ya friji ya mtu, bisibisi mkono mmoja, simu mkono wa pili, na moyo ukimruka kwa raha.

Mshiriki mmoja aliyejiita Kiberiti aliandika: "Profesa, mimi naona angemfuata yule anayemwita. Ndiyo haki."

"Mungu mzima akimbizane na kila anayebweka?" fundi alimjibu. "Hufuata damu. Akishammaliza mama, huenda kwa binti. Kiberiti, umelowa. Kajianike kwanza."

Walicheka wiki nzima. Kiberiti akaacha kuandika. Hoja ya damu ikathibiti, kwa kuwa hapakuwa na wa kuipinga. Fundi aliitunga palepale ili ashinde. Mama mkwe hakuwahi kusema lolote kuhusu damu.

Mchana mmoja alirudi nyumbani kuchukua bomba la gesi alilolisahau. Sebule ilikuwa na mwanga wa kutosha kusoma gazeti. Cherehani ilikuwa imezimwa, lakini palikuwa na mvumo, ule mvumo wa chini wa mashine ya friji inayojitahidi kugandisha, na friji yao yenyewe ilikuwa imechomolewa tangu walipoishiwa umeme asubuhi. Akaufuata mvumo kwa sikio, jikoni hapana, dirishani hapana, mpaka akamwona mkewe kando ya ukuta, macho yamefumbwa, mdomo wazi kidogo, amelala huku amesimama kama alivyozoea siku hizi, ameegemea nyuma kwa uzito wake wote, kichwa kimelala kwenye kitu, mabega yamelala kwenye kitu, na ilimchukua fundi muda kuelewa kwa nini miguu yake mwenyewe imekataa kusogea, kwa sababu jicho lilikuwa limeona kabla ya akili kukubali: ukuta ulikuwa mbali na mgongo wa mkewe, nafasi ya kumtosha mtu.

Kalenda ilikuwa ikipepea. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Akamwita kwa sauti ndogo. Mkewe akafumbua macho.

"Nilikuwa naota nimekaa," alisema.

Tabibu aliletwa kesho yake. Alikuwa mzee mwenye pumu na mkoba wa ngozi uliochanika, mwenye sifa ya kutosema sana. Aliweka kiti katikati ya sebule.

"Mwanangu, keti."

"Siwezi, baba."

"Na huyo aliye nyuma yako, anaweza?"

Mke akaanza kulia. Tabibu akachota chumvi, akainyunyiza kuzunguka miguu iliyovimba. Kilio kikakatika katikati. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mke, lakini namna ya kusema haikuwa yake. Ilikuwa na utulivu wa mtu anayejua kwamba watazamaji wako upande wake.

"Hoja dhaifu. Chumvi huzuia kilichotoka ardhini. Nani kasema huyu katoka ardhini?"

Fundi alishika fremu ya mlango.

Tabibu akawasha ubani. "Moshi ni wa wenye pua," sauti ikasema. Tabibu akataka jina. "Anga la tisa halijaandikwa. Asiyeandikwa hana jina." Na kisha, kwa upole, kama anayemsindikiza mgeni mlangoni: "Mzee, kajianike kwanza."

Mzee alikaa kwenye kile kiti mwenyewe, akivuta pumzi kwa shida.

"Nimefukuza wakaidi," alisema. "Nimefukuza waongo, hata mmoja aliyejifanya kiziwi. Huyu amesomeshwa. Kuna mtu kamkalisha chini akamfundisha kubishana. Nani?"

Mke, sasa ni yeye tena, alimtazama mumewe. Hakumshuku. Alimtazama kama mtu anavyomtazama wa kwake akitafuta msaada.

"Sijui, mzee," fundi alisema.

Tabibu alikunja mkoba. Mlangoni alimvuta fundi kando, akanong'ona.

"Mimi dawa zangu zimekwisha, kuna aliyezijibu kabla sijafika. Aliyezijibu ndiye anajua aliacha mlango gani. Mwambie ukimwona. Mwambie pia kwamba moyo wa mkeo hauna muda."

Fundi hakwenda kazini. Alijifungia bafuni na simu, akaandika barazani kwamba alikosea, Asiyeketi hayupo, nadharia yote ifutwe.

Walimcheka. Kisha wakamkasirikia. "Simu ya Profesa imeibwa," mmoja aliandika. "Profesa halisi haongei hivi." Wakamrudishia maneno yake mwenyewe, sentensi kwa sentensi, na yalikuwa maneno mazuri, hayana tundu. Alijaribu kuyapinga. Hakuweza. Alikuwa amejenga nyumba isiyo na mlango na mkewe alikuwa ndani.

Ila mlango mmoja. Hoja ya damu haikuwa na ushahidi. Ilishinda kwa kicheko tu.

Lakini ili kumwandikia Kiberiti "Nimeshindwa" ilibidi aseme kwa nini, na sababu haikuwa mali yake. Alitoka bafuni. Mkewe alikuwa dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyemsomesha," fundi alisema.

Alimwambia yote. Hakumwambia vizuri; alirudi nyuma, alijitetea, alisema alibadilisha majina. Mkewe alisikiliza bila kumkatiza, kisha akanyoosha mkono.

"Lete nisome."

"Usisome."

"Lete."

Alisoma akiwa amesimama, kidole kikisukuma skrini taratibu. Alipofika kwa kikongwe mpumbavu, kidole kikasita. Fundi aliviona vile vikatuni vya kucheka vikimmulika usoni.

"Ulicheka na wewe?"

Angeweza kusema hapana.

"Nilicheka."

"Mama alikuwa akikuwekea ukoko," mkewe alisema. "Watoto wa shule nzima wanaulilia, anauficha, anasema huu wa mkwe wangu."

Fundi alitamani mkewe ampige, au amfukuze. Mkewe alimrudishia simu.

"Waandikie. Waambie alikuwa mama yangu, na alikuwa mpishi, na hakuwa mpumbavu. Alimkaribisha mgeni. Hilo liandike kwanza kabla ya hayo mengine yenu."

Akaliandika kwanza. Kisha akaandika: "Kiberiti. Hoja ya damu niliitunga ili nikucheke. Huyu ni wa kweli, nilimtoa kwenye nyumba ya mke wangu bila ruhusa, na mke wangu hawezi kukaa. Hafuati damu. Humfuata aliyemwita. Nimeshindwa."

Barazani hakuna aliyecheka, na fundi aliona kwamba kicheko kingekuwa nafuu. Kisha Kiberiti akaibuka.

"Nimepokea. Pole sana kaka. Mpe dada pole."

Mvumo ulihama. Fundi aliusikia ukiondoka dirishani, ukipita katikati ya sebule bila haraka, ukimzunguka. Ile harufu tamu ikaja nyuma ya shingo yake na kutulia hapo. Magoti yake yakanyooka yenyewe.

Mkewe aliachia nondo. Akajishusha kwenye kile kiti cha tabibu polepole, mkono mmoja nyuma kuhakikisha kipo, na alipofika chini akatoa sauti ndogo, kama ya mtoto anayelazwa. Akalala palepale. Fundi alimfunika khanga akiwa ameinama kiunoni, miguu imenyooka.

Tabibu alirudi kumtazama. Alisema kitu hicho kitamtoka fundi siku watu watakapochoka kukizungumzia, na kwamba yeye binafsi hajawahi kuona watu wakichoka.

Sasa fundi hutengeneza friji amesimama, na wateja humsifu kwa bidii. Uvimbe wa mkewe umeshuka. Jioni mke hushona, na kabla ya kuanza huvuta kigoda, hukiweka karibu na mumewe, halafu hurudi kwenye cherehani. Kile kigoda humuumiza fundi kuliko miguu.

"Bado yupo?" mkewe aliuliza jana.

"Yupo."

"Anataka nini?"

Simu ilikuwa kabatini, imezimwa tangu siku ile. Fundi alisikiliza nyuma ya sikio lake.

"Anauliza leo wamesema nini."

Mkewe alikata uzi kwa meno, akageuza kitambaa upande wa pili. Fundi hakumwambia kwamba na yeye alikuwa akijiuliza hilohilo.