Mgeni wa Chumba Kisicho na Dirisha

Ukumbi wa halmashauri ulijaa pomoni siku hiyo. Waliokosa viti walikaa madirishani, waliokosa madirisha walisimama juu ya miguu ya wenzao, na kila mmoja alitaka kusema kabla ya mwingine. Mchoraji alikuwa amebanwa ukutani kati ya mama mwenye kapu la vitunguu na mzee mwenye kikohozi, ubao wa kuchorea kifuani, vidole vyeusi kwa mkaa. Alivaa gauni la rangi ya ndimu aliloshonewa na mama yake mdogo, fundi cherehani, aliyeapa kwamba likipata doa atamvisha gunia.

Alikuja kutafuta hofu. Ndiyo kazi aliyopewa na chuo kikuu. Chini ya kilima kilicho nyuma ya mji palikuwa pamechimbwa ghala la kufukia taka za nyuklia, uchafu usiooza, ambao utabaki na sumu yake mpaka wajukuu wa wajukuu wetu wasahaulike, na lugha yetu isahaulike pamoja nao. Sasa mtu wa siku hizo akija na sululu yake, nani atamwambia asichimbe? Kwa hiyo chuo kiliwaweka pamoja watu wa miamba, watu wa siasa na watu wa sanaa, watafute alama ya kuchonga mlangoni, ambayo hata asiyejua neno letu hata moja ataitazama na kugeuka kurudi alikotoka. Wa miamba walipima miamba. Wa siasa waliwauliza wakazi kama wanakubali. Mchoraji alitakiwa kuleta sura ya mtu aliyeogopa.

Lakini ukumbini aliona hasira tu. Alimchora mama wa vitunguu akifoka, akafuta. Alimchora mzee, akafuta. Halafu akatupa jicho meza ya mbele.

Kijana aliyesimama pale alikuwa mtafiti wa siasa. Koti la kijivu, shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu. "Ndugu zangu," alikuwa akisema kwa utulivu, "hakuna cha kuogopa kule chini."

Na mkono wake ulikuwa umeikamata meza kana kwamba sakafu inataka kufunguka.

Mkutano ulipovunjika watu walimiminika mlangoni kama maji, na wimbi likamsukuma yule mtafiti hadi kwa Mchoraji. Mchoraji alipojizuia asiangushwe, akamwachia alama ya vidole vitano vyeusi kifuani.

"Samahani, dada!"

"Samahani ya nini, na aliyechafua ni mimi?"

Akajitazama shati. "Sasa wataona nimepigwa na wananchi."

"Ulikaribia. Yule mama alikuwa anachagua kitunguu kikubwa."

Akacheka, na alipocheka akawa mzuri ghafla, kama chumba kilichofunguliwa pazia. Mchoraji hakuwa mtu wa kuzunguka. "Mbona ulikuwa unaogopa?"

"Nani, mimi?"

"Kaka, nimeitafuta hofu ukumbi mzima. Nimeikuta kwako."

Kicheko kikamkauka. Akatazama nyuma kama kuna anayesikia. "Nipe namba yako ya simu," akasema. "Nikikana hofu yangu sasa hivi nitakuwa nimedanganya mara mbili kwa siku moja."

Basi simu zikaanza.

"Bi Mkaa."

"Bwana Hakuna-cha-Kuogopa. Umekula?"

"Nitakula nikikuona."

"Basi utakufa njaa, niko kazini."

"Kazini unafanya nini?"

"Nakuchora. Leo pua imekataa."

Mchoraji alilelewa na bibi ambaye hakumruhusu mtoto kulala kabla hajafumbua kitendawili, na tabia hiyo alikua nayo. Hata katikati ya maneno matamu alikuwa anakatiza: "Kitendawili!"

"Tega, mpenzi."

"Mgeni wetu tumempa chumba kisicho na dirisha, mlango tumeufunga kwa chuma, na bado tunaokosa usingizi ni sisi."



"Taka," akasema mwisho, polepole. "Tega kingine. Hicho sikipendi."

Alasiri moja mtafiti alikuja kwenye chumba cha kuchorea cha Mchoraji, akaketi juu ya kreti, akamwambia yaliyokuwa moyoni. Utotoni alitumbukia kwenye kisima kikavu. Alikaa humo tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kuzama. "Nilisikia watu wakipita juu, wanazungumza, wanacheka. Niliita mpaka sauti ikaisha. Tangu siku hiyo siingii lifti, sishuki hata stoo ya chini ya duka. Kule kwenye ghala sijawahi kufika, Bi Mkaa. Nawaambia watu hakuna cha kuogopa, na mimi mwenyewe mlango wake siwezi kuukaribia."

"Pole, mpenzi wangu."

"Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu."

Na hakumwambia mtu. Lakini wakati mwenzake anasimulia, mkono wake ulikuwa unatembea wenyewe juu ya karatasi, kama mikono ya wachoraji ilivyo. Alipoinama kutazama, sura ilikuwa pale: macho yametoka, mdomo uko wazi kama tundu. Hajawahi kuchora kitu cha kweli namna ile. Akaiondolea nywele, akabadilisha masikio, akajisemea moyoni, nani atamjua? Akampelekea profesa wake.

Profesa alifurahi mno. Akaikuza ikawa pana kama ukuta, ikachapwa juu ya kitambaa, ikatundikwa ukumbini siku ya mkutano uliofuata ili wakazi waione alama yao.

Wakazi waliitazama. Halafu mama wa vitunguu akainuka, akanyoosha kidole kwenye kitambaa, kisha kwenye meza ya mbele.

"Jamani, huyu si yule wa soksi?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. "Kumbe anaogopa mwenyewe! Anatuambia sisi tusiogope!" Mtafiti aliitazama sura yake iliyokuwa kubwa kuliko mlango. Akageuka akamtafuta Mchoraji, akamwona.  Alikusanya makaratasi yake na kutoka kwa mlango wa nyuma.

Mchoraji alimpigia mara nyingi, simu ikapokelewa mara moja tu.

"Nilikuomba usimwambie mtu."

"Sikumwambia mtu, naapa!"

"Umeuonyesha mji mzima." Na ikakatwa.

Nyumbani, mama mdogo alimtazama akizungusha chakula kwenye sahani bila kula. "Ungemchora hata akitabasamu."

"Walitaka hofu, mama mdogo."

"Na wewe hofu unaijua? Tangu mdogo hujui kuogopa, ulikuwa unashika nyuki. Unachora chumvi na hujawahi kuionja." Akaendesha cherehani kwa hasira, kisha akaongeza kwa upole, "Kula, mwanangu."

Majuma yakapita. Ikafika siku ya kujaribu sauti, kwa maana chuo kilitaka pia sauti ya kutisha ya kuweka kwenye handaki la ghala. Mchoraji aliitengeneza mwenyewe: mbao zikivunjwa, mawe yakisagana, vyote akavirefusha mpaka vikawa mlio mmoja mrefu uliosimamisha vinyweleo. Alivaa ovaroli ya rangi ya chungwa juu ya gauni lake la ndimu na kofia ngumu, akabeba spika yake. Getini aliwakuta wajumbe wa wakazi, walioletwa kuuona mlango wa ghala, na aliyewaleta alikuwa mtafiti wa siasa. Alisimama mbali kabisa na lifti. Alimwona Mchoraji, akatazama kwingine.

Sheria ya ghala ilikuwa moja: hakuna kushuka peke yako. Kwa hiyo alishuka na fundi mpima hewa. Lakini walipofika chini fundi akagundua amesahau waya. "Ngoja hapo hapo, dada, narudi sasa hivi." Lifti ikapanda naye.

Mchoraji akabaki. Handaki lilikuwa refu, baridi, na mwishoni palikuwa na mlango wa chuma, na nyuma ya mlango mapipa ya kwanza yalikuwa yameshalala. Akangoja. Akachoka kungoja. Spika ilikuwa na betri. Ya nini kungoja waya? Akabonyeza.

Mlio ulikimbia handakini, ukagonga mlango wa chuma, ukarudi. Na hapo hapo king'ora kikalia, taa zikazimika zote isipokuwa moja nyekundu.

Akaizima spika upesi. King'ora kiliendelea. Ukutani kulikuwa na vinasa sauti vya kusikiliza mwamba usije ukapasuka. Je, vimesikia sauti yake? Au mwamba umepasuka kweli? Yeye ndiye aliyeitengeneza ile sauti ifanane na jiwe linalokatika, na aliifananisha vizuri mno hata sasa hakujua ipi ni ipi. Alitega sikio. Huko kwenye giza, upande wa mlango wa chuma, kitu kikadondoka: tap. Labda maji. Labda.

 Alitaka kupiga kelele, kelele haikutoka. Akapeleka mkono usoni, akagusa mdomo wake kama kipofu anayetambua mtu. Haukuwa wazi kama alivyouchora. Ulikuwa umefumba, meno yameumana, taya gumu kama jiwe. Alipapasa ukuta mpaka akaipata simu.

"Getini," akajibu mlinzi. "Dada, tulia. Lifti haishuki mpaka wapatikane wawili wa kushuka pamoja kupima hewa. Fundi yuko hapa, mwenzake kaenda hospitali na mkewe, na mimi geti siruhusiwi kuliacha."

"Lakini ni spika yangu!"

"Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Alisikia mikwaruzo, simu ikibadilisha mikono, kisha sauti ambayo alikuwa ameshakata tamaa ya kuisikia.

"Bi Mkaa."

Akakaa chini kwenye mawe. "Mpenzi, naogopa."

"Ni sauti yako au ni mwamba?"

"Sijui. Nawasikia watu wanaongea nyuma yako. Wako karibu, na hawawezi kunifikia."

 Mtafiti aliijua hali hiyo tangu utotoni. "Kitendawili," akasema.

"Sasa hivi?"

"Sema tega."

"Tega."

"Nakikimbia kwa mbio zangu zote, na kila nikifika nakikuta kimeshaketi, kinanisubiri."

"Hofu," akasema Mchoraji, machozi yanamtiririka.

"Umekifumbua. Basi mimi nimechoka kukimbia. Nashuka na fundi."

"Wewe? Wewe hushuki hata stoo ya duka! Sikiliza, usi..."

Simu iliachwa ikining'inia. Kwa mbali akamsikia mama wa vitunguu: "Jamani! Yule wa soksi anaingia kwenye lifti!"

Lifti ilichukua muda kama haifiki. Mlango ulipofunguka, fundi alitoka na kipimo chake mkononi, na nyuma yake, ameukamata mkanda wa fundi kama mtoto aliyeshika nguo ya mama sokoni, alikuja mtafiti. Kofia imekaa upande. Macho ameyafumba kabisa.

"Nimekuja kukuokoa," akasema, akitetemeka mwili mzima. "Lakini naomba unishike wewe, siwezi kuyafungua."

Akamshika. Wakasimama hivyo kwenye ule wekundu, hakuna aliyejua nani anamzuia nani asianguke. Fundi alitembea na kipimo chake mpaka kwenye mlango wa chuma, akarudi polepole akimulika dari na kuta. Wakamsubiri, hata kupumua wanaogopa.

"Hewa safi. Mwamba mzima," akasema. "Ni wewe na muziki wako, dada. Umeidanganya mitambo."

Mchoraji hakucheka. "Nisamehe," akamwambia mpenzi wake sikioni. "Nilikuchora na sikujua nachora nini."

"Na sasa?"

"Sasa najua. Nitakishusha kile kitambaa leo hii, nitakichoma."

Lifti ilianza kupanda. Mtafiti alimshika Mchoraji mkono kwa nguvu hata vile vidole vyenye mkaa vikauma. "Kiache," akasema. "Sura ni yangu kweli. Kilichoniuma ni kwamba hukuniuliza."

"Basi nakuuliza. Niiache?"

"Iache."

"Lakini mdomo nitaufumba. Kule chini hofu haina kelele."

Juu, jua liliwapiga usoni. Wajumbe waliwazunguka, na mama wa vitunguu akawa mbele. "Kaka wa soksi! Umeshuka. Haya tuambie, kukoje?"

Mtafiti alifungua macho. Kila mtu alingoja lile jibu la siku zote.

"Kunatisha, mama," akasema. "Sijawahi kuogopa hivyo. Na mapipa yameshaanza kuwekwa. Kesho tukutane tena, tuulizane upya, na mimi safari hii sitawaambia msiogope."

Hakuna aliyecheka.  "Afadhali umesema," mama yule akamjibu. "Sasa nitakuja kukusikiliza."

Watu walipotawanyika, wawili wakabaki wameketi kwenye ukingo wa zege nje ya geti. Mchoraji alivua ovaroli. Gauni la ndimu lilikuwa na doa la tope lililopenya ovaroli alipokaa chini. Gunia lilikuwa linamngoja nyumbani.

"Kitendawili," akasema.

"Tega."

"Nikiwa nacho naogopa kisinitoke. Nisipokuwa nacho naogopa sitakipata tena."

Mtafiti aliutazama ule mkono mweusi ndani ya wake. Alilijua jibu lake, ilionekana machoni. "Kimenishinda," akasema. "Nakupa mji."

"Mji wa nini? Siutaki."

"Unataka nini basi?"

"Nipe chumba kimoja tu. Chenye dirisha. Tukae wawili."

 Sura ile ile aliyoichora Mchoraji ikamjia mtafiti usoni, macho yametoka, ila mdomo umefumba, na chini yake tabasamu likawa linahangaika kutafuta njia ya kupita.

"Nakupa," akasema, na meno yake yalikuwa bado yanagongana. "Lakini tafadhali, Bi Mkaa, kiwe juu ya ardhi."