Enesi Alivyoulizwa Mpakani Tunduma

Enoka alishazungusha hendeli mara mbili, na lori lake lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa homa.

"Jamani, tuondoke! Mimi nataka nilale Isoka leo, ng'ambo ya mpaka, sitaki kulala njiani na fisi!"

Juu ya magunia ya maharage alikaa Enesi, amefunikwa shuka jeupe mpaka kwenye nyusi. Kulia kwake baba yake, mzee Ezron, mkulima wa kahawa wa Isansa. Kushoto shangazi yake Tupokigwe, mkono juu ya goti la binti, kama anayeshikilia kuku asiruke. Walikuwa wanampeleka kuolewa na Osea, kijana wa kwao anayechimba shaba Rodeshia ya Kaskazini.

Boazi alisimama mlangoni mwa ofisi ya mpaka, daftari mkononi. Yeye alikuwa karani na mkalimani wa Bwana, ofisa Mzungu wa mpaka. Naye alikuwa anampenda Enesi tangu walipokaa benchi moja darasa la ubatizo.

Asidhani mtu kwamba alikaa tu akingoja. Mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, alipeleka mshenga. Mzee Ezron akajibu kwamba ng'ombe wa akina Osea wameshaingia zizini. Boazi akamfuata shangazi mtu kisimani.

"Na yeye mwenyewe alisemaje, shangazi?"

"Alikaa kimya, mwanangu. Kimya cha binti si unakijua?"

Alikijua. Binti akiulizwa mbele ya wazee akanyamaza, basi amekubali. Boazi akarudi Tunduma, akanunua viatu ambavyo hakuvihitaji, akajaribu kusahau.

Sasa binti mwenyewe yuko mbele yake juu ya lori, na yeye ndiye wa kumpigia muhuri.

"Piga basi, we Boazi!" shangazi akaita. "Au wino umekauka?"

Kabla hajajibu, Bwana akatoka nje. Alikuwa kijana wa Kizungu, ana wiki tatu tu Tunduma, Kiswahili chake kinaishia kwenye "jambo" na "lete chai". Alikuwa na utaratibu wake mwenyewe: mwanamke havuki mpaka kwenda kuolewa kabla hajaulizwa.

"Ana barua?" akauliza kwa Kiingereza.

Mzee Ezron akaitoa kwenye kofia yake, kwa fahari. Hakujua kusoma; alisomewa na kaka wa Osea. Boazi akaikunjua, akasoma kwa sauti, kwa Kiswahili kisha kwa Kiingereza, ili pande zote mbili zisikie.

"'Baba mkwe, salamu. Mimi mzima. Kampuni inatoa nyumba za vyumba viwili kwa wenye wake, mwisho wa mwezi huu. Asiye na mke anabaki bwenini. Tafadhali mlete Enesi upesi. Kama yeye ana udhuru, mlete mdogo wake. Wako, Osea.'"

Enoka akaangua kicheko, kisha akakiziba kwa kiganja. "Samahani, mukwai," akasema, kwa neno la heshima la kwao.

"Soma tena hapo mwisho," mzee Ezron akasema.

Boazi akasoma tena.

"Hayo sikusomewa." Mzee akajikuna shavu. "Ah, mtu akiandika kwa haraka hukosea. Kijana ana kazi, ana nyumba. Tuvuke."

Bwana akamnyooshea Enesi kidole. Akasema sentensi fupi, na ndani yake neno moja ambalo Boazi alilifahamu sana: *agree*.

Neno hilo alifundishwa na mwalimu Barnaba wa misheni, aliyekuwa na kamusi isiyo na jalada. Barnaba alimwambia, "Neno la Kiingereza ni kama nyumba ya mitala, lina wenzake wengi ndani. Usimwite mmoja ukadhani umewaita wote." Kwenye daftari lake, chini ya *agree*, Boazi aliandika: kukubali, kuafiki, kupatana, kuridhia, kuwa na moyo mmoja. Hata chakula kiliingia humo. Siku ya kwanza kazini Bwana alimwambia kwamba yeye na maharage hawa-*agree*, na Boazi akakaa mchana kutwa akijiuliza waligombania nini.

"Bwana anauliza kama binti amekubali," akatafsiri.

"Amekubali," mzee Ezron akajibu.

Bwana akatikisa kichwa. "Simuulizi yeye. Namuuliza msichana."

"Enesi," Boazi akasema. "Umekubali?"

Kimya. Macho ya Enesi yalikuwa kwenye magunia.

"Wee! Unamsemesha nini mtoto wa watu?" Shangazi alisimama juu ya lori, nusura aanguke. "Kinywa chake nimekifunga mimi mwenyewe! Leo siku ya tatu. Hasemi mpaka akina Osea watoe kitambaa cha kumfungulia. Bibi arusi akisema njiani, posa imemwagika. Mwambie huyo Mzungu wako, kama kwao wanapayuka, sisi hatupayuki!"

"Anasemaje?" Bwana akauliza.

Hapo ndipo Boazi alipoona mlango ulio wazi. Pale palikuwa na watu sita na injini moja, na Kiingereza walikijua wawili tu. Angesema, "Bwana, amekataa," lori lingeondoka bila Enesi, na hakuna ambaye angejua. Ulimi ulishaanza kuinuka. Akamwona shangazi ameketi tena, mkono juu ya lile goti. Akawaza: baba yake amemsemea, shangazi yake amemsemea, na mimi nimsemee?

Akajibu kwa Kiingereza, polepole. Kisha akayarudia yale yale kwa Kiswahili, ili asije akaonekana ameficha kitu.

"Nimemwambia Bwana kwamba bibi arusi wa kwetu hasemi njiani, na kwamba kwa desturi yetu kimya chake ni kukubali."

"Umesema vema, mwanangu," mzee Ezron akasema, akashusha pumzi.

Bwana akamgeukia karani wake. "Kama ndivyo, piga muhuri. Ila kwanza muulize mara moja tena, kwa neno jingine. Kiswahili chenu kina maneno mengi, sivyo?"

Boazi akausogelea ubao wa lori. Sasa uso wa Enesi ulikuwa juu yake kidogo tu.

"Enesi. Umeafiki?"

Kimya.

"Umeridhia?"

Shuka likatikisika. Shangazi akalivuta vizuri.

"Nikuulize la mwisho, dada yangu, kisha nipige muhuri na Mungu awatangulie. Wewe na Osea, mna moyo mmoja?"

Enesi akaliondoa shuka kichwani. Midomo ilikuwa imekauka kwa siku tatu za kunyamaza, akailamba.

"Hapana."

"Mama yangu!" shangazi akapiga kelele. "Ameimwaga! Ameimwaga posa barabarani!"

Enoka akazima injini. Hata mtu wa kwenda Isoka anajua wakati wa kuzima injini.

"Enesi," mzee Ezron akasema, na hakupaza sauti. "Tulikuuliza nyumbani. Mbele ya wazee wote. Mbona hukusema?"

"Mlinifundisha kunyamaza, baba, ndipo mkaniuliza."

"Na mbona sasa umesema?"

"Huyu." Akamwonyesha Boazi kwa kidevu. "Naujua moyo wake, baba. Angeweza kunikatalia kwa Kizungu nisisikie. Badala yake ameniachia mimi. Nikaona aibu, kwamba mtu amekuwa mkweli kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe naogopa."

Mzee Ezron akateremka, goti moja kisha jingine. Akakaa kwenye kivuli cha gurudumu. Watu walidhani analia, kumbe anacheka, kisha kweli akalia.

"Ng'ombe wanne nirudishe," akasema. "Na mmoja ameshazaa! Wee Tupokigwe, shuka, usikae juu huko kama bendera."

"Ndama naye anarudi?" shangazi akauliza, akijifuta kamasi.

"Anarudi. Mtoto wangu amebaki, ndama wa nini?"

Kisha akamgeukia Boazi. "Ungeweza kumdanganya Mzungu."

"Ningeweza, baba."

"Mimi nisingejua."

"Usingejua."

Mzee akaivua kofia yake, akaishika kifuani kama watu wanavyofanya kanisani. "Basi ahsante. Nimezeeka nikidhani mtoto mkimya ni mtoto mwenye furaha. Ahsante, mwanangu. Mshenga wako bado ana miguu?"

"Anayo, baba."

"Asije wiki hii. Wiki hii nina ng'ombe wa kuswaga."

Enesi alishuka mwenyewe. Alipofika chini alisimama mbele ya Boazi. Hawakugusana, kulikuwa na watu.

"Ahsante, Boazi."

"Kwa lipi? Nilikuwa nakwenda kupiga muhuri."

"Ndiyo maana."

Bwana akauliza wamekubaliana nini sasa. Boazi akasema wameamua kurudi Isansa. Bwana akaitikia, akaomba chai.

Boazi na Enesi walifunga ndoa Novemba mwaka ule, 1951, kanisani Isansa, mwalimu Barnaba akisoma somo. Osea alioa msichana wa Kibemba kabla ya mwisho wa mwezi na nyumba akapata. Walizaa watoto watatu, na Osea akarudi kwao kwa mapafu mabaya mwaka wa hamsini na nane. Bwana alihamishwa baada ya miezi saba. Enoka aliuza lori, akalima mpunga Kamsamba. Shangazi Tupokigwe aliendelea kuwasindikiza mabibi arusi wa ukoo, akawa anawauliza kwanza, faraghani, kabla ya kuwafunga kinywa, na wawili walikataa. Mzee Ezron alifariki akiwa na wajukuu wanne. Boazi na Enesi walijenga Chapwa, wakapanda migomba na kahawa kidogo isiyozaa vizuri.